Toharani Si Jehanamu Ndogo

Wako walimu wa dini wafundishao ya kwamba toharani ni jehanamu ndogo: moto ule ule, vilio vile vile, ila muda wake ni mfupi. Mafundisho haya yatisha watoto, tena yawavunja moyo wafiwa. Mimi nayakataa, na shahidi wangu ni mshairi Mkristo, Dante Alighieri wa Firenze, aliyefariki mwaka 1321.

Katika utenzi wake jehanamu ni shimo. Waliomo hawafiki popote. Hata watembeao, wazunguka pale pale. Wakubwa nao wamo: Papa Nicholas wa Tatu yu kichwa chini, nyayo zake zawaka moto, kwa kuuza vitu vitakatifu. Bali toharani ni mlima. Wenye kiburi watembea wameinamishwa na mawe mazito, huku wakisali. Na kila mmoja ajua ya kuwa siku moja atalitua jiwe lake na kupanda juu.

Sisi watu wa Tabora tusingehitaji kuelezwa mara mbili. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, njia ya Bagamoyo hata Ujiji ilipitwa na watu wa namna mbili, wote wameinama. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi; bega lilichubuka, na wengine walikufa njiani. Lakini alikuwa na ujira wake, na wenzake wa kuimba nao, na kwao pa kurudi. Mtumwa mwenye kongwa shingoni alipita njia ile ile, chini ya jua lile lile, wala hakuwa na tumaini la kurudi. Sisemi mtumwa alikuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya waliomfunga. Nasema, mateso yakifanana machoni, tumaini ndilo liyatengalo.

Watanijibu: "Ukiondoa hofu, watu watazidi kutenda dhambi." Nani aliyeiondoa? Jehanamu i pale pale kwa asiyetubu. Lakini kumtia mjane hofu hiyo ni kumnyang'anya kazi yake. Katika utenzi ule, Forese amepandishwa upesi mlimani kwa machozi na sala za mkewe Nella. Mjane akidhani mumewe yu shimoni, atalia tu; akijua yu safarini, atamwombea.

Basi, walimu wenzangu, msifundishe kongwa pale Kanisa lifundishapo mzigo. Mzigo hutuliwa, na mwenzio aweza kukutua.