Usidharau Kiselema: Wanasesere Nao Wana Sanaa Yao

Neno bandia katika lugha yetu limebeba mzigo wa maana mbili. Mtoto wa bandia ni kile kiolezo cha binadamu anachochezea mtoto. Noti bandia ni ile inayomtia mtu korokoroni. Yamkini ni kutokana na ujirani huo wa maana ndipo tukazoea kudhani kwamba kila anayeshughulika na wanasesere anajishughulisha na uongo. Mtu mzima akionekana akikunja goti la sanamu ndogo ya plastiki, akiinua mkono wa nyingine, akielekeza taa ili kivuli kiangukie ukutani, kisha akaipiga picha tamasha hiyo, majirani hunong’ona kwamba amerudi utotoni. Rai hiyo ni potovu, na inafaa kupingwa.

Tuanze na asili ya vitu vyenyewe. Mnamo mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa mwanasesere wa kiume aliyeitwa G.I. Joe, askari wa kimo cha takriban inchi 12, mwenye viungo vya kukunjika. Wauzaji waliliepuka neno mwanasesere kama ukoma, wakihofia kwamba wavulana na baba zao wangeona haya. Wakabuni jina jipya lenye kudokeza vitendo, na bidhaa ikanunuliwa. Husimuliwa kwamba Don Levine, mmoja wa waasisi wa askari huyo, alipata ilhamu alipoona dukani kile kisanamu cha mbao chenye viungo ambacho wachoraji hukitumia kujifunzia mikao ya mwili. Kama ndivyo, basi kitu hiki kilitoka katika karakana ya msanii kabla ya kufika mikononi mwa mtoto.

Suala la jina halikuishia hapo. Mwaka 2003, mahakama ya Marekani inayosikiza kesi za biashara ya kimataifa ililazimika kuamua iwapo sanamu za wahusika wa X-Men ni wanasesere au ni vitu vya kuchezea vya aina nyingine. Ushuru wa wanasesere ulikuwa asilimia 12, na wa vitu vingine asilimia 6.8. Kampuni ya Toy Biz ilishinda, kwa hoja kwamba wahusika hao si binadamu kamili. Fedha nyingi, msomaji mpendwa, zilining’inia kwenye fasili ya neno moja! Lakini wafanyabiashara na mahakimu walibishania kitu chenyewe tu. Swali la nini hutendwa kwa kitu hicho halikuwahusu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sanamu ni mfano wa neno, nayo tamasha iliyopangwa ni mfano wa sentensi. Hakuna mshairi aliyejibunia maneno yote anayoyatumia. Ameyakuta yakitumiwa sokoni, nyumbani na hata matusini. Ushairi wake umo katika uteuzi na mpangilio. Vivyo hivyo, sanamu elfu moja hutoka katika kalibu moja zikiwa na sura moja, ila pale zinapopangwa, nani amempa nani kisogo, nani yuko mbali na wenzake, nani ameinamisha kichwa, huzaliwa maana ambayo kiwanda hakikuitia kamwe.

Anayetaka ushahidi na amtazame Mark Hogancamp wa jimbo la New York. Mwaka 2000 alipigwa na wanaume watano hadi akazimia kwa siku tisa, na alipozinduka sehemu kubwa ya kumbukumbu zake ilikuwa imefutika. Akajijengea nyuani kijiji kidogo alichokiita Marwencol, mfano wa mji wa Ubelgiji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawaweka humo wanasesere waliomwakilisha yeye, rafiki zake na hata maadui zake, na kuwapiga picha. Picha hizo zilifikia kuonyeshwa katika ukumbi wa sanaa, na filamu ya hali halisi kuhusu kazi hiyo ikatolewa mwaka 2010. Nani atathubutu kusema kwamba mtu huyo alikuwa akipoteza wakati?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wageni wenye fedha, na kwamba kampuni zinatuuzia mashujaa wasiotuhusu. Hoja hiyo ina uzito. Wapo hata wakusanyaji wanaonunua sanamu na kuziacha ndani ya maboksi yasiyofunguliwa, wakingoja bei ipande. Hao ni sawa na mtu aliyehifadhi kamusi asinene. Hata hivyo, sanaa ninayoitetea haihitaji duka. Mtoto wa Kikenya anayefinyanga ng’ombe wa udongo, akamweka mchungaji upande huu na fisi nyuma ya jiwe, ametunga kisa kamili chenye mgogoro na taharuki. Anayepinda waya akaunda gari, kisha akapanga abiria wa vibuyu wakiligombania, ameisawiri jamii yake barabara.

Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kote kuanzia mwaka 2019, unadai kuthamini ubunifu. Madai hayo yatakuwa maneno matupu iwapo mwalimu ataendelea kuukanyaga udongo huo kwa kuuona uchafu, au mzazi kuuzoa na kuutupa jaani. Badala ya kumkemea mtoto, na aulizwe: Ni nini kilichotokea kabla ya hapa? Kwa nini huyu hamtazami mwenzake? Nani atashinda? Atakayeweza kuyajibu maswali hayo amekwisha kuanza kutunga insha, na kalamu hajaishika bado.

Usidharau kiselema, walinena wahenga, chalima kikapita jembe zima.