Chakula kiachwe kipite

Barabara ya Mbarara kwenda Bushenyi inapita Ruharo, na alfajiri biashara ya chakula ya magharibi mwa Uganda huwa iko mbioni hapo. Pikipiki zimefungwa mikungu ya matoke pande zote mbili hadi mwendeshaji anabaki kichwa tu. Hakuna ofisi iliyompangia mtu apeleke nini, wapi, kwa nani. Bei ndiyo huwaita.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1967 serikali iliunda shirika la umma, Dairy Corporation, likapewa ukiritimba wa kusindika maziwa. Kufikia miaka ya 1980 shirika hilo lilitegemea maziwa ya unga ya msaada kutoka nje, katika nchi yenye ng'ombe wa Ankole! Soko lilifunguliwa miaka ya 1990, na sheria ya mwaka 1998 ikatenganisha kazi mbili zilizokuwa zimechanganywa: mamlaka ya serikali isimamie ubora, wafanyabiashara wanunue na kuuza. Leo Mbarara ina viwanda vya maziwa, na chapa ya Lato, inayotengenezwa hapo na Pearl Dairy, inauzwa hata nje ya Uganda.

Inapovuka mpaka ndipo shida inapoanza. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, lakini mwanzoni mwa 2020 maafisa wa Kenya walikamata shehena za Lato, na Machi 2023 bodi ya maziwa ya nchi hiyo ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga ili kuwakinga wafugaji wa ndani. Mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, lakini hasara waliibeba wakulima, wachuuzi na madereva wa malori.

Sasa tuangalie Nakivale, wilayani Isingiro, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Siku hizi wapo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, na sokoni Kiswahili kinasikika kila kona. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kutembea, kufanya kazi na kufanya biashara, na familia hupewa kipande cha ardhi, ingawa vipande hivyo vinazidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Matokeo yake yako wazi: Msomali ana duka, Mkongo anauza vitenge, mkulima Mganda wa jirani analeta ndizi zake kwa wanunuzi hao hao.

Zamani mgao wa chakula cha msaada kwa wakimbizi hao ulikuwa mahindi na maharage. Familia ilipokea mahindi makavu, na kwa kuwa kusaga kunalipiwa, sehemu iliuzwa papo hapo ili kupata pesa ya kinu, sabuni na dagaa. Siku ya mgao kila mtu aliuza, kwa hiyo bei ilianguka, na mwenye haraka zaidi ndiye aliyepunjika zaidi. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wengi fedha. Mama akachagua mwenyewe: unga, mafuta, au mboga kwa mtoto anayeumwa. Hakuna mpangaji wa ofisini anayeijua sufuria yake kuliko yeye.

Wapo watakaosema soko likiachwa hivyo litatuua, na hawasemi uongo mtupu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Chakula lazima kipimwe. Lakini kupima ni kazi moja, kufunga ni nyingine. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi yote ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache zuio likaondolewa, ikatakiwa cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi kiwango kilichowekwa. Cheti hicho kingetakiwa tangu mwanzo. Tena, mahindi ya Kenya yenyewe nayo hupata sumukuvu, kwa hiyo kipimo ni lazima kimhusu kila muuzaji, mgeni na mwenyeji.

Hata kanuni njema humwelemea mdogo. Kuwakataza wachukuzi wa maziwa madumu ya plastiki kuna sababu, kwani plastiki iliyokwaruzika ni ngumu kusafisha. Mwenye lori atanunua makopo ya alumini. Mwenye baiskeli atapita njia za panya, na hapo maziwa yake hayapimwi kabisa. Mkopo wa kununulia kopo ungelinda afya ya mnywaji kuliko faini.

Uhuru wa kuuza, hata hivyo, haumshibishi asiye na senti mfukoni. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likikosa fedha za wafadhili, liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwenye msaada wake. Wanaosema soko litaziba pengo hilo lenyewe hawajafikiria pesa ile ilikuwa ikienda wapi. Ilikuwa ikinunua unga kwa mwenye duka wa Nakivale, maharage na matoke kwa mkulima wa Isingiro. Mkimbizi akikatiwa, mkulima huyo naye amepoteza mteja, na lori lake la kwenda sokoni litajaa nusu.