Niuzie Rizista Moja Tu, Bosi!

Naanza na ugomvi, maana kwa upole hakuna aliyesikia. Mpiga gita wa Tabora anayelalamika kwamba mikono imefungwa kwa sababu "pedali haziuzwi hapa, mpaka Ulaya" ni mvivu. Na mwenye duka la spea anayemjibu "hatuuzi kimoja kimoja" ni mvivu mwenzake. Wanaendana kama chungu na mfuniko. Mmoja hataki kujua, mwingine hataki kuuza, na katikati yao gita limelala chali katika mji ambao, jamani, ndio uliotupa Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ya Shem Karenga.

Kwa ambao hawajaiona: pedali ni kile kiboksi kinachokaa chini, mpiga gita anakikanyaga, sauti inageuka. Inakwaruza, au inajirudia kama mtu anayeita porini, au inanung'unika kama mtoto mwenye mafua. Washikaji wengi wanaamini ndani mle kuna kitu cha ajabu kilichofungwa na wazungu. Hakuna ajabu yoyote. Kuna spea za redio.

Sikiliza. Chini ya nyuzi za gita la umeme kuna sumaku na koili. Ukikwanyua, koili inatoa umeme kidogo sana, sehemu ndogo tu ya volti moja. Transista inaukuza umeme huo. Ukiilazimisha ikuze kupita uwezo wa betri, inafika mahali haina cha kuongeza, na vilele vya mawimbi vinafyekwa kama nyasi. Mawimbi yaliyofyekwa, sikio linayasikia kama mkwaruzo. Basi! Hiyo ndiyo fazi, sauti ambayo watu wamelipia fedha nyingi kwa miaka zaidi ya 60.

Ile fazi maarufu kuliko zote, Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966 na ambayo Jimi Hendrix aliikanyaga mpaka ikajulikana dunia nzima, ukiifungua unakuta transista 2, rizista 4, kapasita 3 na voliyumu 2. Hesabu mwenyewe. Vipande 11. Redio ya mkulima inayomletea taarifa ya habari shambani ina vipande vingi kuliko hivyo. Na kabla yake kulikuwa na Maestro Fuzz-Tone ya Marekani, ya mwaka 1962, ile aliyoitumia Keith Richards kwenye "Satisfaction" mwaka 1965. Ilikuwa inakula mawe mawili ya volti 1.5. Mawe yale yale ya tochi. Sasa niambie, ni duka gani Tabora, ni kijiji gani kuanzia hapa mpaka Urambo, kisichokuwa na mawe ya tochi?

Nilikwenda katika duka moja mjini hapa (silitaji, mwenyewe atajijua).

"Bosi, nina shida na rizista ya kilo-ohm 33."

"Ya sabufa gani?"

"Siyo ya sabufa. Kuna kitu natengeneza."

"Kitu gani?"

"Cha gita."

Akacheka. "Dogo, lete sabufa tuiangalie. Hizo rizista siuzi moja moja, utanipotezea muda."

Nyuma yake palikuwa na rundo la sabufa zilizokufa, limefika usawa wa kifua. Ndani ya rundo lile kulikuwa na spea za pedali za bendi nzima, na yeye amezikalia kama kuku aliyekalia mayai ya kichina.

Hebu tulichambue lile rundo, maana hapa ndipo penye utajiri. Sabufa za bei rahisi, hasa zile zenye matundu ya maiki kwa ajili ya kuimbia, ukizifungua utakuta kwenye ubao wa sauti kijidudu cheusi chenye miguu 8, kimeandikwa 4558. Soma tena namba hiyo: 4558. Ndiyo iliyo ndani ya Tube Screamer ya Ibanez, kile kiboksi cha kijani kilichotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, ambacho wapiga gita wa Amerika mpaka leo wanakinunua kama dhahabu na kugombana kuhusu chipu yake. Wao wanagombana, sisi tunaitupa jalalani. Na ile sabufa yenye kitufe cha "echo", mara nyingi humo kuna chipu nyingine iitwayo PT2399, ya miguu 16, ambayo kazi yake ni kuchelewesha sauti na kuirudisha. Mwangwi huo ndio moyo wa pedali nyingi za kujitengenezea duniani kote. Matundu ya maiki yenyewe ni ya milimita 6.35, saizi ile ile ya jeki ya gita. Voliyumu zipo. Waya zipo. Sabufa moja iliyokufa ni duka zima, linalokosekana ni mtu wa kulifungua.

Transista nazo zimejaa. Ukivunja pawasapulai ya kompyuta mbovu utakuta C945. Kwenye redio za Kichina kuna S9014. Fundi wa zamani ana BC547 kwenye kopo la maziwa. Zote zinakwaruza vizuri tu. Ila angalia miguu, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapokata tamaa na kusema wamerogwa. BC547, ukiigeuza upande bapa ukutazame na miguu ikiwa chini, inakwenda kolekta, besi, emita. C945 inakwenda emita, kolekta, besi. Ukiiweka moja mahali pa nyingine bila kugeuza, utapata kimya, au mluzi. Mafundi wengi wanajua jambo hili na hawalisemi. Wapo hata wanaokwangua namba juu ya chipu kwa wembe ili jirani asijue wametumia nini! Ndugu zangu mafundi, siri hiyo haiwalishi. Inawafanya mzeeke peke yenu na kopo lenu.

Kuna wajuaji watakaosema fazi ya kweli ni ya transista za germaniamu, zile za redio za miaka ya 1960. (Germaniamu, siyo Wajerumani wa lile boma letu.) Ni kweli zina sauti tamu. Lakini germaniamu haipendi joto. Likipanda, umeme unavuja ndani ya transista na sauti inabadilika katikati ya wimbo. Njoo nayo Tabora mwezi wa kumi, mchana, chini ya bati, halafu uniambie. Silikoni ya kuokota kwenye sabufa inafaa hali ya hewa yetu kuliko hiyo almasi ya mjuaji.

Na rizista ya 33 niliyonyimwa? Nilichukua ya 22 na ya 10 nikaziunga mfululizo, nikapata 32. Mstari wa dhahabu kwenye rizista maana yake ni kwamba hata kiwanda kinajiruhusu kukosea asilimia 5, na 32 haijavuka hapo. Kadhalika 8.2 utaipata karibu kabisa kwa 4.7 na 3.3. Kwa hiyo hata kisingizio cha "saizi hiyo haipo" kinakufa.

Kitu kigumu ni swichi ya kukanyaga, hapo nakubali. Ile ya miguu 9 wanayotumia wenzetu sijaiona Tabora. Lakini Land Rover za zamani zilikuwa na swichi sakafuni, upande wa mguu wa kushoto, dereva anaikanyaga taa zinapanda, anaikanyaga tena zinashuka. Njia moja inaingia, mbili zinatoka. Hiyo inatosha kuchagua kati ya sauti safi na sauti chafu, na ilitengenezwa ivumilie buti la dereva wa porini, seuze kandambili zako. Boksi ni kopo la biskuti la bati. Nasema la bati, siyo la plastiki, kwa sababu bati ukiliunga na waya wa ardhi linazuia ile ngurumo ya umeme wa ukutani. Anayekuambia pedali za kienyeji zina makelele, muulize kama aliweka kwenye bati.

Sasa nirudi kwenye hasira yangu, maana jambo hili siyo la gita tu.

Mji huu ulijengwa na barabara ya misafara. Kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, kutoka Unyanyembe mpaka Ujiji, na tawi la kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Sifa ya Wanyamwezi katika habari hizo, tunafundishwa tujivunie, ni upagazi: mabega, mwendo, mzigo. Sikatai, kazi ile ilitaka wanaume na wanawake hasa. Lakini kuna upande ambao hausemwi sana. Katika mizigo ile iliyotoka pwani, pamoja na vitambaa vya merikani na shanga, kulikuwa na waya za shaba. Waya nene. Na mafundi wa huku bara hawakuzivaa kama zilivyokuja. Walizivuta zikawa nyembamba, wakazisokota, wakatengeneza bangili na mapambo ya miguu waliyoyataka wao. Na majembe ya chuma yaliyofuliwa huku yalikuwa bidhaa inayotembea mbali. Hawa watu walikuwa wanafungua mzigo!

Hata shanga. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na mfanyabiashara aliyefika na rangi isiyotakiwa aliondoka nazo au akazitupa. Aliyeamua thamani ni mnunuzi wa huku, kwa jicho lake. Leo kijana wa Tabora anaona rizista ina mistari mitatu ya rangi ya chungwa, naye hajui kwamba hiyo ndiyo 33,000. Bibi yake angelikuwa amekwisha ipangia bei.

Sisi tumebaki na ule upande wa mabega peke yake. Mzigo unakuja umefungwa, tunaupokea umefungwa, unaharibika umefungwa. Kisha anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake, anachukua sabufa na deki na mbao za saketi kwa kilo, zinapakiwa kwenye lori zinaelekea pwani kwa njia ile ile zilikopita pembe. Kinachorudi ni sabufa mpya. Halafu mwanamuziki anasimama kijiweni kusema spea hazipatikani! Zinapita mbele ya macho yako, mshikaji, zinapimwa kwenye mzani.

Najua jibu litakalokuja: "Kwani hizo spea si za Kichina? Kununua hapa kuna faida gani?" Ni za Kichina, na nyingine za Japani, na nyingine za Taiwani. Sijali zilikozaliwa. Ninachosema ni kwamba ukiagiza pedali iliyofungwa kutoka nje, fedha inakwenda, kiboksi kinakuja, na siku kikinyamaza unakuwa na jiwe la kuzuilia mlango. Ukinunua vipande 11 kwa fundi wa sokoni, fundi anajua kuna mtu anatafuta kapasita ya maikrofaradi 2.2. Wiki ijayo ataziweka pembeni badala ya kuzitupa. Baada ya mwezi kutakuwa na kijana wa pili. Ndivyo maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi yanavyoishi: kuna watu wanaouliza. Kariakoo vilevile. Hapa hakuna anayeuza kwa sababu hakuna anayeuliza, na aliyeuliza alichekwa akaenda zake.

Kule Kinshasa marehemu Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 walitaka likembe yao isikike juu ya makelele ya mji. Hawakungoja duka la muziki. Walichukua sumaku za alteneta za magari mabovu wakatengeneza maiki zao. Ule mkwaruzo uliotoka kwenye vyombo vyao vya kuunga, katikati ya miaka ya 2000 Ulaya ilikuwa inaununua kwenye albamu ya Congotronics. Hawa ni watu wa alteneta mbovu. Tabora haina alteneta mbovu?

Na ninyi waandishi wenzangu mnaosoma hapa na kutabasamu, mkidhani ugomvi ni wa wapiga gita, msitabasamu sana. Najua kuna mwenye mswada chini ya godoro akingoja mchapaji wa Dar es Salaam, na hajawahi kumuuliza mwenye steshenari wa jirani yake bei ya kuchapa kurasa 32 na kuzipiga pini. Tutaonana katika toleo jingine.

Kwa wenye maduka nina ombi dogo, siyo la msaada, la biashara. Chukueni trei ya mayai, ile ya mashimo 30. Katika kila shimo wekeni saizi moja: rizista, kapasita, transista mbili tatu. Andikeni namba kwa kalamu. Uzeni moja moja, bei chini ya chapati. Wanafunzi wa ufundi watakuja, watoto wa redio watakuja, na sisi wa gita tutakuja. Na lile rundo la sabufa, kabla hamjampigia simu mtu wa mzani, tuiteni tulifungue kwa malipo. Chipu tuchukue sisi, shaba na bati chukueni ninyi.

Anayebisha aje na sabufa yake iliyokufa. Bisibisi ninayo, kopo la biskuti ninalo, na mawe sita ya tochi, ambayo ukiyapanga mfululizo ni volti 9 kamili. Gita aje nalo mwenyewe, langu limekatika uzi wa kwanza na hapa mjini wanauza seti nzima tu.