Furu, Ntalali na Sumu za Shambani

Siku hizi katika minada na stendi za mkoa wetu wa Tabora huuzwa unga wa ubuyu, juisi ya zambarau na vichupa vya matunda ya porini, na wauzaji hutangaza kwamba vitu hivyo huosha damu na kumkinga mkulima na dawa za shambani. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge hutuuliza wodini kama ni kweli. Maoni yangu ni haya: matunda kuleni, tena kwa wingi, ila msiyategemee kuwa kinga ya sumu.

Maneno hayo hayakuzuka bure. Katika maabara, panya waliolishwa matunda ya rangi nzito kisha wakapewa kemikali za kuharibu ini, mara nyingi maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wenzao. Nayakubali hayo. Lakini panya hupewa kipimo maalumu, aghalabu kabla ya sumu yenyewe, wala habebi bomba linalovuja mgongoni saa sita ya mchana.

Dawa nyingi za wadudu, hasa za jamii ya oganofosfeti, hupenya kwenye ngozi na mapafu, kisha hufunga kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho, mboni za macho husinyaa, hutapika, huhara, na kifua hujaa makohozi. Hospitalini hutumika atropini na oksijeni. Furu haiwezi kukifungua kimeng'enya hicho, wala ntalali. Hata maziwa, ambayo karibu kila kaya huyakimbilia, hayawezi. Tena mgonjwa aliyelegea akinyweshwa chochote, kinaweza kuingia mapafuni kikamwua kabla ya sumu. Saa zile za kukoroga juisi na kutafuta maziwa kwa jirani ndizo tunazozililia sisi wauguzi.

Kuna na ugonjwa wa majani mabichi. Anayechuma tumbaku yenye umande hupata nikotini kupitia ngozi: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika. Wengi hudhani ni malaria. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa miili yao ni midogo, na shambani si mahali pao.

Basi fedha ya kichupa inunue sabuni na glavu. Vaa shati la mikono mirefu na buti, usipulizie ukikabili upepo, oga mara umalizapo, na nguo zile zifuliwe peke yake. Kopo la dawa litobolewe, lisiwe la maji wala mafuta ya kula. Mimi naona chama cha msingi kinachokopesha mbolea na dawa kingekopesha na glavu. Sijui kwa nini jambo hilo huonekana anasa.

Lakini nisiyaonee matunda. Ubuyu una vitamini C kuliko chungwa, na ukiliwa pamoja na mboga za majani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma, jambo kubwa kwa mama mjamzito. Miembe yetu, ambayo wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, bado inalisha watoto hapa Tabora na Kwihara. Mbula, furu na ntalali zinatoka katika miombo ileile inayokatwa ili kuni zikaushe tumbaku kwenye mabani. Huyo anayeuza kichupa cha kinga ya sumu angesaidia zaidi kama angepanda mti mmoja kando ya bani.

Na ikitokea mtu amelewa dawa, mtoe shambani, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku mwoshaji amevaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, mlaze ubavu, mlete upesi. Njooni na kopo lenye lebo, ili daktari ajue ni dawa gani.