Mizizi isaidie, isiaminiwe peke yake
Mwandishi, nakuunga mkono kuhusu kufundisha maneno ya sayansi kwa mizizi yake ya Kigiriki. Nimefundisha sayansi sekondari Mbale, Uganda, na sasa niko Jinja. Watoto wengi wa vijijini huku huanza kusoma kwa Lumasaaba au Lusoga, ndiyo sera tangu 2007, kisha darasa la nne wanahamia Kiingereza, na maneno marefu yanawatisha. Hapa Jinja mzizi “hydro”, yaani maji, unaeleweka haraka: bwawa la Nalubaale linazalisha umeme kwa maji ya Nile tangu 1954. Ila ninyi wachangiaji mnaosema mizizi inatosha, hapana! “Hydrocarbon” haina maji, “hydro” hiyo ni haidrojeni. Wanafunzi wangu waliandika kwamba petroli ina maji, tena wale waliokariri mizizi vizuri kuliko wenzao. Siku hizi mzizi nautoa pamoja na neno linaloupinga, kipindi kilekile.