Akiba na Ziada Si Kitu Kimoja

Awasi ni soko lililo kando ya njia kuu itokayo Kisumu na Ahero kwenda Kericho. Mwenye fedha hana haja ya kwenda mbali kutafuta cha kununua, na kwa sababu hiyo nyumba za wakulima na makarani hujaa vitu upesi kuliko zamani. Kununua kwa fedha ya jasho si dhambi. Lakini Mkristo yampasa kujiuliza swali ambalo watu wengi hawapendi kuulizwa: kitu kilichokaa miaka miwili nyumbani bila kuguswa, chafanya kazi gani, nacho chamngoja nani?

Katika nchi ya Kano swali hili si la maneno matupu. Mto Nyando hutelemka kutoka nchi za milima za Nandi na Kericho, hupita katika uwanda wa Kano, kisha huingia ziwani. Mvua ikizidi, mto huvunja kingo zake. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, tena mwaka 1997, tena mwaka 2020, na tena mwaka 2024, jamaa nyingi zilipohama na kukimbilia shule na makanisa. Mahitaji ya watu kama hao yajulikana: blanketi, sufuria, jembe, mbegu, na sare ya mtoto wa shule. Msaada utokao mbali una faida yake, lakini mara nyingi huchelewa. Wakati huo huo, katika nyumba zisizofikiwa na maji, blanketi zimo sandukuni na sufuria zimepangwa kabatini kwa ajili ya wageni ambao hawajaonekana tangu mwaka juzi.

Mtu atajibu kwamba wazee walisema akiba haiozi. Ni kweli, na mkulima asiyeweka akiba ni mjinga. Lakini akiba na ziada si kitu kimoja. Akiba ina kazi yake na siku yake: mbegu ni za msimu ujao, fedha ya benki ni ya karo au ya ugonjwa, na gunia la mahindi ni la miezi ya njaa. Mwenye akiba akiulizwa ya nini, hujibu mara moja. Mwenye ziada akiulizwa, husita, kisha husema huenda siku moja itafaa. Tena ziada huoza kabisa. Nondo hula nguo, fukusi hula nafaka, kutu hula bati, na aliyezihifadhi asipate faida, wala jirani yake asipate.

Mafundisho ya Kikristo juu ya jambo hili hayakuanza jana. Tajiri katika mfano wa Bwana Yesu hakulaumiwa kwa kuvuna sana. Kosa lake ni kwamba katika mashauri yake yote ya kujenga maghala makubwa zaidi hakumkumbuka mtu yeyote ila nafsi yake, na maisha yake yalikoma kabla ya ujenzi kuanza. Askofu Basili wa Kaisaria, aliyeishi katika karne ya 4 katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, alifundisha kwamba nguo ya ziada iliyofungiwa ni haki ya mtu asiye na nguo. Njaa kuu ilipoingia katika nchi yake, aliwasihi matajiri wafungue maghala, naye mwenyewe akawahudumia wenye njaa.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale na ya mbali. Basi na wamtazame Maurice Otunga. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu katika nchi ya Wabukusu, na kijana huyo angeweza kurithi cheo hicho pamoja na heshima yake. Alichagua upadre, akawekwa wakfu huko Roma mwaka 1950, na mwaka 1957 akawa askofu msaidizi wa Kisumu. Baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi, na mwaka 1973 akafanywa Kardinali. Alipostaafu mwaka 1997 hakutafuta jumba la fahari. Alikwenda kukaa Nyumba ya Wazee huko Nairobi, pamoja na wazee maskini waliotunzwa na masista, na aliendelea kuishi hivyo hata karibu na kufa kwake mwaka 2003. Hakuna aliyemdharau kwa hayo. Bali ndiyo yaliyomwongezea heshima.

Lakini yafaa kujihadhari na namna moja ya kutoa ambayo si kutoa. Katika nchi tajiri za Ulaya na Marekani watu hutoa nguo zao kwa wingi, na nyingine hufungwa katika mitumba, zikauzwa hata katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Wengi wao huzitoa wapate nafasi ya kununua nyingine. Mtu wa namna hiyo hakuacha mali, bali amebadilisha mali. Vivyo hivyo karani anayempa mdogo wake kochi la zamani, kisha akachukua jipya kwa deni la miezi kumi na minane, hajaanza maisha ya kiasi. Ameongeza deni tu.

Anayetaka kuanza kweli na aanze kwa utaratibu. Kwanza ashauriane na mwenzi wake, kwa maana mali ya nyumba si ya mtu mmoja, wala si haki mume kujipatia sifa ya ukarimu kwa sufuria za mkewe. Pili alipe madeni yake, maana atoaye huku anadaiwa hutoa mali ya mwingine. Tatu atoe kitu kizima. Jembe lisilo na mpini na shati lisilo na vifungo si zawadi. Nne atoe kwa siri, ili apokeaye asione haya kukutana naye sokoni. Mwisho, nafasi iliyoachwa wazi isijazwe tena.

Pengine majirani watanong'ona kwamba fulani ameishiwa, kwa kuwa kabati lake limepungua vyombo na suti yake ni ile ile kila Jumapili. Na wanong'one. Karo ya watoto wake imelipwa, hadaiwi dukani, na mvua itakapofurisha Nyando, nyumba yake itakuwa na nafasi ya kumlaza mgeni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.