Kesi ya Kwoyelo: Miaka 15 kati ya Kololo na Gulu

MFANYABIASHARA anayetoka Kampala kwenda mpaka wa Elegu hupita Gulu, kisha Pabbo na Atiak. Wengi hupita huko wakiwaza bei ya bidhaa na ushuru wa forodha tu. Lakini ni katika eneo hilo la Kilak, wilayani Amuru, yalikotendeka mambo yaliyomfikisha mahakamani Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA.

Itakumbukwa kuwa Kwoyelo alitekwa na waasi hao mwaka 1987 akiwa mtoto, njiani kwenda shuleni. Machi 2009 alikamatwa na majeshi ya Uganda huko Garamba, Kongo. Alitiwa hatiani tarehe 13 Agosti 2024. Hapo katikati ni zaidi ya miaka 15. Kulikoni?

Sababu ya kwanza ni msamaha. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliahidi kwamba mwasi atakayeacha silaha hatashitakiwa, na zaidi ya watu 26,000 walinufaika. Kwoyelo aliomba Januari 2010 akiwa gerezani, asipewe. Kesi ikaanza Gulu Julai 2011, lakini Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikasema anastahili msamaha kama wenzake. Serikali ikakata rufaa. Aprili 2015 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba ukatili mkubwa dhidi ya raia haumo katika msamaha, na kesi iendelee. Karibu miaka minne ilikwishapita, mshitakiwa yuko rumande.

Kwa ndugu zangu mliorejea kutoka porini, jambo hili si dogo. Uamuzi ule ulimhusu mtu ambaye hakuwahi kupewa cheti. Hata hivyo, ulionyesha kuwa msamaha una mpaka, na mpaka huo ulichorwa watu wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani.

Sababu ya pili ni mahali. Kitengo cha Makosa ya Kimataifa cha Mahakama Kuu, kilichoundwa mwaka 2008 kufuatia mazungumzo ya Juba, kina makao yake Kololo, Kampala. Mashahidi na waathirika wako Acholi. Vikao vikawa vya kuhamahama, leo Kampala, kesho Gulu. Kila safari inahitaji fedha za majaji, mawakili, wakalimani na mashahidi. Fedha zisipotoka, kesi inaahirishwa. Mashitaka 93 yalithibitishwa Agosti 2018, miaka tisa baada ya mtu kukamatwa!

Je, umbali ndio mkosaji? Nionavyo mimi, hapana. Dominic Ongwen, naye alitekwa akiwa mtoto, alijisalimisha Januari 2015 akapelekwa The Hague, mbali kuliko Kololo. Februari 2021 alikuwa amekwisha kutiwa hatiani. Kilichochelewesha kesi ya Kwoyelo ni kutokata shauri mapema: anashitakiwa au anasamehewa, na kesi itasikilizwa wapi, kwa fedha gani.

Na swali la mahali halikuishia kwake. Dk. Kizza Besigye alikamatwa Nairobi Novemba 2024, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikasema mahakama hizo, zilivyoundwa, hazina uwezo wa kuhukumu raia. Ikabidi mashitaka yafunguliwe upya katika mahakama ya kiraia, naye muda wote huo akiwa ndani.

Kwoyelo alitiwa hatiani kwa makosa 44. Oktoba 2024 alihukumiwa miaka 40. Ikatolewa 15 aliyokaa mahabusu, ikabaki 25. Desemba mwaka huo mahakama ikaagiza Serikali iwalipe fidia waathirika, kwa kuwa mfungwa hana mali. Lakini mama aliyechomewa nyumba miaka ya 1990 amesubiri fidia hiyo hadi nywele zikawa mvi, na wengine walikufa kabla ya kusikia hukumu.

Waswahili wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa yameumia matumbo yote: ya aliyedhulumiwa, ya aliyeshitakiwa, na ya aliyerudi nyumbani ambaye bado anajiuliza kama karatasi aliyopewa itamlinda. Serikali iamue kwanza, ndipo ifungue jalada. Na kesi za Kaskazini zisikilizwe Kaskazini, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho.